Kuifuata Barabara au Kufuatwa Nayo: Hoja za Wakazi kuhusu Miundombinu ya Mizigo katika Uwanda wa Ufipa

1.0 Utangulizi

Kata ya Mwazye imo katika Wilaya ya Kalambo, Mkoa wa Rukwa. Makao makuu ya wilaya hiyo ni Matai, ambako barabara itokayo Sumbawanga hugawanyika: tawi moja huteremka hadi bandari ya Kasanga katika Ziwa Tanganyika, na jingine huelekea Kasesya, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Kupitia Kasanga, saruji na bidhaa nyingine huvushwa kwenda Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hivyo, eneo ambalo kwa wakulima ni mashamba ya mahindi, maharage na ulezi, kwa wapangaji wa uchukuzi ni ushoroba wa mizigo.

Makala hii inaeleza hoja zinazoibuka pale barabara inapopanuliwa, au maghala na yadi za malori yanapopangwa karibu na makazi katika ushoroba wa namna hiyo. Uchambuzi umejikita katika sheria husika na katika semi mbili ambazo Watanzania huzitumia kuelezea haki ya fidia: “aliyeifuata barabara” na “aliyefuatwa na barabara”. Inadaiwa hapa kwamba swali la nani alitangulia, ingawa ni la lazima, haliwezi peke yake kuamua haki ya mkazi.

2.0 Nani Alimfuata Mwenziwe?

Kabla ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ilikuwa na upana wa mita 45, yaani mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria hiyo, pamoja na kanuni zake za mwaka 2009, ilipanua hifadhi hiyo hadi mita 60. Mabadiliko hayo yalizaa makundi mawili ya wakazi. Aliyejenga ndani ya mita 22.5 huhesabiwa kuwa ameifuata barabara, na nyumba yake huwekwa alama ya X nyekundu: atabomoa bila malipo. Aliye katika mita 7.5 zilizoongezwa huhesabiwa kuwa amefuatwa na barabara. Huyu huwekewa X ya kijani na hustahili fidia.

Mgawanyo huu una mantiki, kwa kuwa Serikali haiwezi kumlipa kila anayevamia hifadhi. Hata hivyo, unachukulia kwamba mkazi alichagua mwenyewe mahali pa kujenga. Historia ya vijiji vya Tanzania inatia shaka dhana hiyo. Mwaka 1973, chama cha TANU kiliazimia kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Katika utekelezaji wa Operesheni Vijiji, vijiji vingi nchini vilipangwa kandokando ya barabara ili shule, zahanati na huduma nyingine ziwafikie watu kwa urahisi. Kaya iliyohamishwa kwa namna hiyo haikuifuata barabara kwa hiari, bali ilipelekwa. Kuwaita warithi wake wavamizi ni kuwabebesha lawama ya uamuzi uliofanywa na dola yenyewe.

3.0 Fidia na Mambo Yasiyohesabiwa

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua hakimiliki ya kimila na inataka fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Taratibu za uthamini hujumuisha thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na kupotea kwa faida. Orodha hiyo ni pana, lakini ina mapengo mawili yanayoigusa Ufipa moja kwa moja.

Kwanza ni kilimo cha matuta ya mviringo, ambacho Wafipa wanajulikana kwacho. Mkulima hufukia nyasi chini ya udongo zikaoza, na rutuba yake huvunwa katika misimu inayofuata. Mthamini anayehesabu mazao yaliyosimama shambani hawezi kuiona kwa urahisi kazi iliyokwisha kuwekezwa ardhini.

Pili ni mkazi anayebaki. Fidia humlenga anayepisha mradi, ilhali madhara ya mizigo huvuka mpaka wa hifadhi. Mfano wa karibu ni Tunduma, mkoani Songwe. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019, lakini foleni za malori zimeendelea kuonekana. Anayeishi kando ya foleni hukabiliwa na moshi, kelele na hatari ya watoto kuvuka barabara, na nyumba yake haina X ya rangi yoyote.

Haki inadai pia faida zitajwe. Barabara ya lami ya Tunduma–Sumbawanga, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani chini ya mkataba wa mwaka 2008, imeufungulia mkoa njia ya kupeleka mahindi sokoni. Kwa hiyo, hoja ya wakazi haipaswi kusomwa kama upinzani dhidi ya barabara. Ni dai kwamba gharama zake zisiwaangukie walio jirani nayo peke yao.

4.0 Hitimisho

Uchambuzi huu unaelekeza kwenye mapendekezo matatu. Mosi, kabla ya alama kuwekwa, historia ya makazi ichunguzwe kwa kutumia hati za usajili wa kijiji, kumbukumbu za operesheni na ushahidi wa wazee. Pili, tathmini ya athari kwa mazingira, inayotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, iwahesabu wanaobaki sawa na wanaohama. Tatu, mkutano mkuu wa kijiji ushirikishwe mapema, kwa kuwa sheria ya mwaka 1999 inaupa uwezo wa kukubali au kukataa uhawilishaji wa ardhi isiyozidi hekta 250. Mamlaka hayo hupoteza maana iwapo wanakijiji wataitwa baada ya ramani kukamilika.

Watafiti wajao wanaweza kukusanya simulizi za makazi katika vijiji vya Kalambo wakati mashahidi wa miaka ya 1970 wangali hai. Bila simulizi hizo, jibu la nani alimfuata mwenziwe litaendelea kutolewa na futi kamba pekee.