Mgeni wa Majuma Manne na Mtoto wa Nyegezi



Bibi mmoja katika wasomaji wetu, mzaliwa wa Mwanza akaaye sasa Uingereza, ametuletea swali ambalo twaona halimhusu yeye peke yake. Binti yake, aliyetimiza miaka 19, amemaliza masomo ya sekondari. Kabla ya kuingia chuo kikuu ataka kwenda Nyegezi, akae majuma manne akijitolea kusaidia watoto wadogo. Wakala wa safari amempa karatasi yenye picha mbili. Katika ya kwanza watoto wamemzunguka kijana wa Kizungu, wote wakicheka. Katika ya pili yumo simba amelala chini ya mti, kwa kuwa mwisho wa juma kuna matembezi ya Serengeti. Mama auliza: je, amruhusu? Na jambo lenyewe ni sadaka au ni tafrija?

Swali ni jema, na jibu lake si la neno moja. Kwa bahati tulikuwa na safari ya Mwanza, basi tukaona yafaa tufike Nyegezi wenyewe kabla ya kushika kalamu.

Nyegezi ni mtaa ulio kando ya ziwa Victoria, kadiri ya kilomita 10 kusini ya mji wa Mwanza. Majabali makubwa yamekaa juu ya majabali mengine kana kwamba mtu ameyapanga kwa mkono, na nyumba za watu zimejibana katikati yake. Barabarani ipo stendi ya mabasi yaendayo Shinyanga na mbali zaidi. Pwani ya ziwa wapo wavuvi na wanawake waanikao dagaa. Wageni si jambo geni hapa. Kiko chuo cha uvuvi, na huko Malimbe Kanisa Katoliki lilianzisha mwaka 1960 chuo cha kusomesha kazi za jamii, ambacho mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Lakini wanafunzi hao huja wakakaa miaka. Mgeni tunayemzungumza leo hukaa majuma manne, pengine mawili.

Tulikaribishwa katika kituo kimoja cha kulelea watoto wa miaka mitatu hadi sita, ambacho hatutakitaja jina, maana yaliyopo pale yapo pengi. Wazazi huwaleta watoto asubuhi na kuwachukua alasiri. Chumba kilikuwa kimoja, mikeka miwili, na mwalimu mmoja, mama wa makamo aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Pamoja naye walikuwapo wasichana wawili kutoka ng'ambo. Hatukuona kwao ila moyo mwema. Waliwanawisha watoto mikono, wakawagawia uji, wakachora samaki ubaoni, wakaimba nao hesabu ya moja hadi kumi. Mwalimu alikiri kwamba mikono minne ya ziada ilimpa nafasi ya kukaa na mtoto mmoja mzito wa kusema, jambo ambalo siku nyingine halimwezekani.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Saa nane mchana mikoba ya wasichana ilikuwa tayari mlangoni, kwa kuwa gari la Serengeti lilikuwa laja kuwachukua. Mtoto wa kike wa miaka minne alimshika mmoja wao sketi akamwuliza, "Dada, utarudi kesho?" Yule msichana, ambaye Kiswahili chake kilikuwa maneno machache, alitabasamu akajibu, "Ndiyo." Kisha akapanda gari.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mama wa mtoto alikuja kutuambia baadaye kwamba bintiye aliamka mapema, akavaa sare yake, akakaa kizingitini, akakataa kuambiwa kuwa leo hakuna shule. Jumatatu wasichana walirudi wakiwa na furaha na hadithi nyingi. Mtoto yule hakuwakaribia. Alikaa ubavuni kwa mwalimu hadi saa ya kwenda nyumbani.

Huenda msomaji akasema: hilo ni jambo dogo, mtoto husahau. Ni kweli kwamba kwa mtoto huyu ni dogo, kwa kuwa alasiri yuko mama wa kumpokea. Lakini mwalimu alitueleza kuwa wageni wa namna hii humjia mmoja baada ya mwingine mwaka mzima. Kila mmoja hupendwa upya, na kila mmoja huaga. Akamalizia kwa neno ambalo hatujalisahau: "Wao huondoka na picha, mimi hubaki na vilio." Basi tujiulize: ingekuwaje kama watoto hawa wangelala papo hapo, hawana nyumba ya kurudi, na wale waondokao kila mwezi ndio walezi wao?

Wataalamu wamelishughulikia jambo hili siku nyingi. Mwaka 1951 tabibu Mwingereza, John Bowlby, aliliandikia Shirika la Afya Duniani taarifa juu ya watoto waliokosa nyumba zao. Alieleza kwamba mtoto mchanga ahitaji, kama ahitajivyo chakula, mtu mmoja wa kudumu wa kumlea kwa upendo. Tangu mwaka 2000 wataalamu wa Kimarekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, waliwafuata watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika nyumba za serikali mjini Bucharest, nchini Rumania. Kwa kura, nusu yao walipelekwa katika familia zilizotayarishwa, na nusu wakaachwa katika utaratibu uliokuwapo. Waliopata familia waliendelea vizuri zaidi kwa akili na kwa uwezo wa kumwamini mtu, na faida hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa wale waliopelekwa kabla ya kutimiza kadiri ya miaka miwili. Nyumba zile zilikuwa na chakula na vitanda. Kilichopungua ni uso mmoja usiobadilika.

Tena wengi wa watoto waitwao yatima katika nyumba kama hizo duniani wana mzazi mmoja aliye hai, au bibi, au mjomba. Kinachowatoa nyumbani mara nyingi si kifo bali ni umaskini. Na palipo na wageni walipao fedha ili wawaone yatima, hapakosi mtu wa kuwatafuta hao yatima. Kwa sababu hiyo Bunge la Australia lilichunguza mwaka 2017 biashara ya nyumba za yatima, na mwezi wa Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliyataka mataifa yazuie madhara ya safari za kujitolea katika nyumba hizo.

Sisi Waislamu hatuna haja ya kungoja Bucharest ili tulijue hili. Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alizaliwa babake amekwisha fariki, mamake akafariki naye ana umri wa miaka sita, babu yake Abdul-Muttalib akamchukua, na huyo alipofariki baada ya miaka miwili, ami yake Abu Talib akamtia nyumbani mwake. Tazameni, wasomaji: misiba mitatu, na kila mara mlango uliofunguliwa ulikuwa mlango wa jamaa. Mafundisho yaliyomfuata yakampa yatima haki ya kulelewa na kulindiwa mali yake, na haki ya kubaki na jina la babake. Mlezi wa yatima ameahidiwa daraja ya karibu na Mtume Peponi. Ahadi hiyo ni ya mlezi, na mlezi ni mtu akaaye.

Je, basi tumwambie yule bibi amzuie bintiye? La, hatusemi hivyo. Kijana anayetaka kutoa sehemu ya ujana wake kwa ajili ya watoto wa watu asivunjwe moyo. Lakini twamshauri mama aketi na binti yake, waulizane mambo haya kabla ya kulipa hata senti moja.

Kwanza, je, kituo ni cha kutwa au ni nyumba ya kulala? Kama ni nyumba ya yatima, na mgeni yeyote apokelewa bila kuulizwa habari zake wala barua ya tabia njema, basi asiende. Mlango ulio wazi kwa kila mtu ni wazi pia kwa mtu mwovu.

Pili, kazi yake itakuwa nini? Asichukue nafasi ya mwalimu, amsaidie mwalimu. Afue, apike, atengeneze vitabu, apake rangi madawati, amfundishe mwalimu lile analolijua, ili akiondoka kitu kibaki. Mtoto akianguka na kulia, aachwe akimbilie kwa mwenyeji wake.

Tatu, je, anajua Kiswahili? Binti huyu ni mtoto wa mama wa Mwanza. Ni aibu ndogo ikiwa hajui, na ni aibu kubwa ikiwa hajifunzi. Miezi mitatu ya kusema Kiswahili mezani kwa mamake itawafaa watoto wa Nyegezi kuliko sanduku la peremende. Tumekwisha kuona "ndiyo" moja ilivyomkalisha mtoto kizingitini.

Nne, sheria. Nchini Tanzania mtu ajaye kujitolea yampasa kupata kibali cha ukaazi, si viza ya mtalii. Wakala asemaye kwamba hapana haja ya kibali, huyo si wa kuaminiwa na watoto wa watu.

Na matembezi ya mwisho wa juma? Mama asione haya juu yake. Kupumzika si dhambi, na kuona viumbe vya Mwenyezi Mungu ni darasa. Serengeti, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, ina lango upande wa magharibi liitwalo Ndabaka, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Lakini karibu zaidi kiko kisiwa cha Saanane, mwendo mfupi kwa boti kutoka mjini. Kina jina la mzee aliyekuwa akiishi hapo. Mwaka 1964 serikali ilikifanya bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini. Wako swala, pimbi na kenge wakubwa wanaoota jua juu ya mawe. Wapo watoto wengi wa Mwanza wanaokiona kisiwa hicho kila siku na hawajapata kukanyaga ufuko wake. Binti akitaka matembezi yenye baraka, na alipie siku moja mwalimu na watoto wake, pamoja na mama zao wawili watatu, na yeye awe mgeni wao katika boti.

Juu ya maji lakini tuna maonyo mawili. Asioge ziwani pwani, hata wenyeji wakioga, kwa sababu maji ya kina kifupi yana konokono wenye vijidudu vya kichocho, navyo hupenya ngozini bila mtu kuhisi. Na asipande chombo kilichojaa kupita kiasi. Mwanza haijasahau tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama na mamia ya watu, wala tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara na watu zaidi ya 200 kufariki. Chombo kikijaa, angoje kingine.

Limebaki neno moja, nalo si kwa binti bali kwetu sote tulio majumbani. Mama na afanye hesabu ya nauli, ada ya wakala na matembezi. Kisha ajiulize ni bibi gani katika ukoo wao, huko Nyegezi, Butimba au Igoma, anayelea wajukuu walioachwa bila baba, na fedha hizo zingemtosha unga na ada za shule kwa muda gani. Na sisi tukaao karibu tusiwaachie wageni kazi iliyo mlangoni petu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaruhusu familia kumpokea mtoto na kumlea. Mwenye nafasi na aende kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya yake akaulize njia. Asiye na nafasi ya kulea, amsaidie aleaye.

Tulipokuwa tukiaga, mtoto yule yule wa miaka minne alitutazama akatuuliza kama aliyokwisha kuuliza: tutarudi kesho? Tulichutama ili macho yetu yalingane na yake, tukamwambia kweli: hapana, kesho hatutarudi, twaenda kwetu, ila mwalimu wako atakuwapo. Akamgeukia mwalimu kuhakikisha. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, na mtoto akarudi kucheza.

Mwenyezi Mungu awape nguvu wale wakaao, awape busara wale wapitao, na atujaalie sisi kuwa milango iliyo wazi kwa yatima wetu. Amin.