Percy Hobart: Jenerali wa vifaru aliyeishia mgambo, kisha akarudishwa

Mwaka 1940 Waingereza walikuwa wakisubiri kuvamiwa na Wajerumani. Katika mji mdogo wa Chipping Campden, mzee wa miaka 55 alijiunga na mgambo, akapewa cheo cha koplo usu. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa meja jenerali.

Huyo ni Percy Hobart, mhandisi wa jeshi aliyehamia vifaru mwaka 1923. Kifaru tunachosema hapa ni lile gari la vita la chuma lenye mzinga (jina linamfaa, maana hata mnyama mwenyewe haulizi njia). Hobart aliamini vifaru vipigane pamoja, kwa kasi, vikiongozwa kwa redio. Wakubwa wengi waliona kazi yake ni kusindikiza askari wa miguu. Mwaka 1938 alipelekwa Misri kuunda kikosi ambacho baadaye kilijulikana kama Panya wa Jangwani, lakini akaondolewa kabla hakijapigana, kisha akastaafishwa. Tusimtakase: alikuwa mkali na mgomvi.

Waziri Mkuu Churchill ndiye aliyeagiza arudishwe.

Kazi iliyompa jina ilitokana na msiba. Agosti 1942 majeshi yalishuka ufukweni Dieppe, Ufaransa. Vifaru vingine vilikwama kwenye kokoto, vilivyopita vikazuiwa na kuta za zege. Wakanada zaidi ya 900 walikufa. Hapo ikaeleweka kwamba ufukwe wenye ngome unahitaji vifaru vya aina yake, na mwaka 1943 Hobart akapewa jukumu hilo akiwa na Divisheni ya 79 ya Deraya.

Kulikuwa na kifaru kilichotandika mkeka juu ya mchanga laini ili vingine visizame. Kingine kilirusha bomu la kilo 18 kuvunja zege. Kingine kilibeba daraja, kingine kilivishwa turubai kikaelea baharini. Askari waliviita vichekesho vya Hobart.

Tunachokipenda zaidi ni kile cha minyororo. Mbele kilikuwa na mtambo unaozunguka, minyororo ikichapa ardhi kama mtu anavyopura maharage, na mabomu yaliyofukiwa yanalipuka kabla askari hajayakanyaga. Wazo hili halikuwa la Hobart. Lilitoka kwa Abraham du Toit, ofisa wa Afrika Kusini, na lilikwisha kujaribiwa vitani El Alamein, Misri, mwaka 1942. Hobart alichofanya ni kukusanya mawazo ya namna hiyo, kuyaboresha na kuwafunza watu bila huruma.

Tarehe 6 Juni 1944, huko Normandy, vifaru vyake viliwatangulia Waingereza na Wakanada. Wamarekani walichukua hasa vile vya kuelea. Ufukwe wa Omaha, kikosi chao kimoja kilishusha 29 mbali na nchi kavu, mawimbi yakiwa makali, na 27 vikazama. Wanahistoria bado wanabishana kama vifaru vingine vya Hobart vingeokoa watu pale.

Hobart alifariki mwaka 1957. Mashine za minyororo zimeendelea kutumika kusafisha mabomu ya ardhini, yakiwemo yale yaliyoachwa na vita mashambani Angola na Msumbiji.