Gunia kilo 90, tufe kilo 7

Sisi wapakiaji wa Busia tuna dharau moja: kitu kisichofika kilo 50 hatukiiti mzigo. Gunia la mahindi kutoka Uganda, kilo 90, linateremka lorini likiwa begani mwa mtu, linapandishwa ubao mwembamba hadi juu ya rundo stooni, na mtu huyo huyo anarudi kuchukua jingine. Kwa hiyo mwalimu wa michezo anayeishi jirani na ghala letu aliponiambia kuna mashindano ya wazi ya riadha na tufe limekosa washiriki, swali langu lilikuwa moja tu: lina uzito gani?

"Kilo saba na kidogo," akasema.

Nikacheka. Nikaandikisha jina langu, pamoja na la rafiki yangu anayepakia malori kule Malaba.

Tufe la wanaume lina kilo 7.26. Hesabu hiyo haikuokotwa tu. Ni ratili 16 za Waingereza. Mchezo wenyewe una mizizi Scotland, ambako watu wa mashambani na wahunzi walipimana nguvu kwa vitu walivyokuwa navyo: jiwe la mtoni, nyundo, gogo la mti. Huko Braemar michezo hiyo bado inafanyika kila Jumamosi ya kwanza ya Septemba, wanaume wamevaa sketi zao za mirabaraba, na familia ya kifalme huja kutazama. Jiwe la Braemar lina karibu kilo 12.7, na mrushaji hapewi nafasi ya kujivuta wala kukimbia. Anasimama na kulisukuma. Kuna pia chuma cha kilo 25.4 chenye pete, kinachorushwa kwa mkono mmoja kupita juu ya ufito uliolazwa juu.

Linalonivutia zaidi ni gogo. Lina karibu mita 6 na kilo 60 hivi. Unalikumbatia likiwa wima, ncha nyembamba viganjani, unakimbia nalo, kisha unalitupa ligeuke hewani: ile ncha nene iguse chini kwanza, na ile uliyoishika iangukie mbele yako, imenyooka. Hakuna anayepima umbali. Wanatazama limeanguka limenyooka kiasi gani. Hilo ningelijaribu hata kesho, maana kusawazisha kitu kirefu begani huku watu wakikupigia honi ni kazi ninayoijua.

Jiwe la Scotland likaja kuwa tufe la chuma, na nyundo yenye mpini wa mbao ikawa mpira wa chuma kwenye waya. Tufe liliingia Olimpiki mwaka 1896, nyundo mwaka 1900. Huku kwetu Wasamia walikuwa wakiyeyusha chuma cha vilima vyao na kufua majembe kabla reli haijafika Malaba. Nyundo walikuwa nazo. Hakuna aliyewaambia kwamba zinaweza kuleta medali.

Turudi kwenye tufe. Mwalimu alichora duara kwa chokaa kwenye uwanja wa shule, kipenyo mita 2.135, na ndani ya duara hilo ndipo mambo yote hutendeka. Tufe halirushwi kama mtoto anavyoangusha maembe. Unalikaza shingoni, chini ya taya, na unalisukuma. Mkono ukirudi nyuma ya bega, umeharibu. Ukikanyaga juu ya ubao wa mbele, umeharibu. Na ukishatupa, lazima utokee nusu ya nyuma ya duara.

Nilisukuma kwa bega na kifua, tufe likaanguka karibu kiasi cha kuaibisha. "Mzee," mwalimu akaniambia, "hapa nguvu inaanzia mguuni. Mkono unamalizia tu." Akanionyesha: unaanza umeupa uwanja mgongo, umekunja goti la kulia, unateleza kurudi nyuma, nyonga inageuka kwanza, kifua kinafuata, mkono wa mwisho, na vidole vinalipiga tufe kofi la kuliaga. Yote hayo yanaisha kabla hujavuta pumzi.

Mpakiaji anatumia mwili wake kwa kubana matumizi. Lori lina magunia mengi na siku ni ndefu, hivyo tunatembea kwa hatua fupi, tunapumua taratibu, hatutoi nguvu zote hata mara moja. Tufe linataka kinyume chake: utoe ulicho nacho chote kwa mkupuo mmoja, kisha ukae ukingoja zamu yako. Mwili wangu ulikataa. Umezoea kuweka akiba.

Siku ya mashindano kila mtu alipewa nafasi tatu, kisha wanane bora wakaongezwa tatu. Bora yangu ilikuwa mita 9.12. Mshindi, kijana wa polisi mwembamba kuliko mimi, alipita mita 14. Rekodi ya dunia ya Mmarekani Ryan Crouser, ya mwaka 2023, ni mita 23.56. Rafiki yangu wa Malaba alinishinda mimi kwa mbali, lakini kwa furaha alitoka duarani kwa mbele kwenda kutazama tufe lake lilipochimba. Mwamuzi akainua bendera nyekundu. Jamaa alibishana hadi jasho likamtoka. Kwake, kitu kikishafika kimefika.

Najua wengine ambao wangetuacha mbali wote wawili. Mpakani Busia kuna watu wenye ulemavu wa miguu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu, pedali wanazungusha kwa mikono. Mabega yao si ya kawaida. Katika Olimpiki ya walemavu kuna tufe la kurushwa mtu akiwa ameketi, na sijawahi kusikia kocha aliyekuja kuwatafuta pale.

Wengi husema Kenya ni nchi ya mbio. Lakini Julius Yego wa Nandi alijifunza mkuki kwa kutazama video za intaneti, na mwaka 2015 akautupa mita 92.72 kule Beijing akawa bingwa wa dunia. Kwa hiyo lisilokuwepo si misuli. Ni duara la saruji, ubao na mtu wa kusahihisha goti.

Ombi langu ni kwa walimu wakuu wa Busia na Teso: kama kuna tufe linaloshika kutu stooni kwenu, litoeni. Saruji ya duara moja ni mifuko michache, na wa kuibeba tupo.