Kupiga Windows Hakufufui Diski

"Fundi, kupiga Windows bei gani?"

Anayeuliza hajaitoa laptopu kwenye begi. Hajasema inasumbua vipi, imeanza lini, imeanguka au imemwagikiwa chai. Ugonjwa anaujua, dawa anaijua, anachotafuta ni wa kumuuzia kwa bei poa. Ukimjibu, "Iweke mezani, kaka, tuipime kwanza," uso unabadilika. Anavuka barabara kwenda kwa fundi atakayemtajia elfu kumi bila kumuuliza kitu.

Swali hili limenichosha. Wanaliuliza wanafunzi wa chuo, wanaliuliza wahasibu, wanaliuliza hata walimu wa somo la kompyuta. Mashine nzito? Piga Windows. Inaganda? Piga Windows. Inazima yenyewe, inachemka, inagoma kuwaka? Windows, Windows, Windows. Dawa moja kwa maradhi yote, na bei yake inaulizwa kabla mgonjwa hajaguswa.

Imani kwamba kuifuta Windows na kuisakinisha upya kunatibu kila kitu haikutoka hewani. Enzi za Windows 95 na 98 mfumo ulisimama juu ya ule wa zamani zaidi wa DOS. Programu moja ikikorofisha, iliweza kuangusha mashine nzima, na kila ulichoweka kisha ukakitoa kiliacha takataka nyuma. Kufuta na kuanza upya ilikuwa matengenezo ya kawaida. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, iliwahamisha watumiaji wa nyumbani kwenye msingi mwingine ulio imara zaidi, na tangu hapo sababu ya kufutafuta imekuwa ikipungua. Mafundi wa leo wamerithi dawa, sababu zake hawakurithi.

Mteja ana ushahidi wake: "Mbona mara ya mwisho walipiga ikawa nyepesi?" Kweli ilikuwa nyepesi. Kwa wiki mbili. Basi tuzichambue hizo wiki mbili.

Laptopu nyingi zinazopita mezani kwangu ni mitumba ya maofisi ya nje: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Za zamani bado zina diski ya kuzunguka. Ndani yake kuna sahani inayozunguka, aghalabu mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea. Faili moja ikiwa huku na nyingine kule, mkono lazima uhame, usubiri sahani ifike, ndipo usome. Kwa mwendo huo unasoma vipande vilivyotawanyika kama mia moja hivi kwa sekunde. Diski ya SSD haina mkono wala sahani, na hata ya bei ya chini inasoma maelfu kwa maelfu.

Windows 10 na 11 zinafanya kazi nyingi bila kukuuliza: zinashusha masasisho, zinakagua virusi, zinaorodhesha mafaili ili utafutaji uwe wa haraka. Kila kazi inauvuta ule mkono upande wake. Ndiyo maana ukifungua Task Manager unaona diski imefika asilimia 100 na hata Word hujaigusa.

Sasa fundi amepiga Windows mpya. Masasisho hayajaanza kushuka, mafaili ya kuorodhesha hayapo, na Zoom na wenzake wanaojiwasha asubuhi hawajarudi. Mkono umepumzika. Mteja anaiona mashine inaruka, analipa, anashukuru. Akifika nyumbani anaunga Wi-Fi, anarudisha mafaili na programu zake, na Windows inaanza kushusha kila ilichokosa. Wiki mbili zikiisha mashine ni ile ile na uzito ni ule ule, ila elfu kumi haipo.

Na hapo nimezungumzia diski nzima. Iliyoanza kufa ina habari nyingine. Mama mmoja mwenye duka la stationari aliniletea laptopu iliyokuwa imepigwa Windows mara nyingi na mafundi tofauti, na yeye alitaka nipige "ile nzuri". Niliifungulia CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma kumbukumbu ambazo diski inajiandikia yenyewe. Hali nzuri huonyeshwa kwa rangi ya bluu. Hii ilikuwa njano, na neno Caution juu yake. Mstari wa 05 huhesabu sekta mbovu ambazo diski imeshazikimbia na kuhamia za akiba. Mstari wa C5 huhesabu zile ilizojaribu kuzisoma ikashindwa na bado haijaamua izifanyeje. Yote miwili ilikuwa na hesabu, na ya C5 ilipanda tukiwa tunaitazama. Nilimwomba aweke sikio karibu na pale diski ilipo. Tik. Kimya. Tik. Kichwa kilikuwa kinarudia sehemu ile ile kikitafuta kitu kisichosomeka tena.

Sasa niambie, Windows gani inatibu hiyo?

Mtu atasema, "Lakini walifomati." Hapa ndipo imani inapojificha. Kitufe cha Format kwenye usakinishaji wa Windows hufanya fomati ya haraka. Kinaandika orodha mpya ya mafaili kisha kinaishia hapo, hakipiti sekta kwa sekta kuuliza ipi nzima na ipi mbovu. Windows yenyewe inachukua GB 20 au 30 tu kwenye diski ya GB 500. Zikiangukia sehemu nzima, mashine inawaka vizuri na fundi anaonekana bingwa. Mafaili yakiongezeka yanafika kwenye sehemu mbovu, inaganda tena, na mteja anasema, "Ile Windows ilikuwa feki." Anakwenda kupigiwa nyingine, na diski inayohitaji kupumzishwa inaandikwa upya kwa mara nyingine.

Joto nalo liko hivyo hivyo. Fungua laptopu iliyokaa miaka kadhaa kwenye ofisi yenye vumbi. Kati ya feni na mapezi ya shaba ya kupozea utakuta utando mzito wa vumbi, umeshikana, unaubandua kwa kibano kipande kizima. Hewa haipiti. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi isiungue, na ikizidiwa inazima mashine. Mteja anasema imekuwa nzito na inazima yenyewe. Fundi anapiga Windows. Vumbi liko pale pale.

Hasara haiishii kwenye kurudi ulikotoka. Watu wengi huweka kila kitu kwenye Desktop na Documents, na vyote viwili kwa kawaida vinakaa kwenye diski C, ile ile inayofomatiwa. Kwenye diski ya kuzunguka, faili iliyofutwa inaweza kuokolewa mradi hakuna kilichoandikwa juu yake, lakini GB 20 za Windows mpya zimeshaandikwa juu ya sehemu yake. Kwenye SSD, amri ya TRIM inaiambia diski isafishe vilivyofutwa, na hapo kuokoa ni karibu na muujiza. "Fundi, picha za harusi ziko wapi?" ni swali la pili ninalolichukia, na kwa kawaida linaletwa na walioanza na lile la kwanza.

Kuna na hili la leseni, ambalo hutajwa mara chache. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, laptopu nyingi zilizouzwa na Windows ya kiwandani zina ufunguo wa leseni ndani ya chipu ya mazabodi. Ukisakinisha toleo lile lile na kuunga intaneti, Windows inajitambua. Hudaiwi senti. Lakini flashi ya fundi ina toleo la Pro, mashine ilikuja na Home, kwa hiyo anazima kinga ya virusi na kuendesha KMSPico ili Windows idanganyike. Mwishoni mwa 2021 watafiti wa kampuni ya Red Canary walieleza jinsi nakala bandia za KMSPico zilivyokuwa zikibeba Cryptbot, programu inayoiba nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Umeingia na leseni halali, umetoka na ya wizi, na risiti huna.

Lawama zote zisiwaangukie wateja. Naijua biashara hii kutoka ndani. Fremu ina kodi, na mara nyingi unailipa miezi kadhaa kwa mkupuo. Winga aliyemleta mteja anasubiri chake. Kupiga Windows hakuna kipuri wala mtaji, na anayerudi kulalamika anaambiwa ni virusi. Flashi moja inatosha, mashine tatu zinajisakinisha mezani wewe unakunywa chai. Kupima, kwa upande mwingine, kunakula muda na akili, na mwisho wake mteja anasema, "Yaani kuangalia tu unanilipisha?" Fundi anayepima bure lazima auze kitu kingine afidie. Atauza kile kisichomgharimu, nacho ni Windows.

Mafundi wenzangu, andikeni bei ya kupima ukutani. Mteja akikubali matengenezo, ikate kwenye bili. Akikataa, mpe matokeo kwa maandishi aende nayo popote. Wateja wa elfu kumi watapungua, sikatai, lakini utaacha kutengeneza mashine ile ile kila mwezi kwa malipo ya siku moja.

Je, kuna siku kupiga Windows ni jibu? Zipo. Umeweka diski mpya. Virusi vimeingia kiasi kwamba huiamini tena mashine. Umeme ulikatika katikati ya sasisho, mafaili ya mfumo yakaharibika, na amri za kuyarekebisha, DISM na sfc, zimeshindwa. Unaiuza kwa mtu mwingine. Nje ya hapo, nionyeshe kipimo kwanza.

Sasa cha kufanya, haraka haraka.

Kabla ya yote nakili mafaili yako nje ya mashine. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue Task Manager, tazama kinachofika asilimia 100: diski, RAM au prosesa. Diski ikiwa ya kuzunguka lakini nzima, badilisha iwe SSD. GB 256 zinawatosha wengi, na Windows uliyonayo inaweza kuhamishwa ilivyo. Diski ikiwa njano au nyekundu kwenye CrystalDiskInfo, okoa mafaili, izime, wala usiiendeshee chkdsk, amri ya kukagua diski. RAM ikiwa GB 4, ongeza ifike 8. Ikichemka, isafishwe feni na kubadilishiwa pesti ya prosesa. Programu zinazojiwasha bila kazi, zima kwenye kichupo cha Startup cha Task Manager. Betri ikivimba na kuinua kibodi, acha kuitumia leo, usiitoboe.

Kuhusu Windows 10: msaada wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa nyingi za Intel, kizazi cha nane kwenda mbele. EliteBook 840 G3 haimo, 840 G5 yenye prosesa ya kizazi cha nane imo. Ukinunua mtumba, uliza kizazi kabla ya rangi. Na kabla ya kumwachia yeyote mashine yako, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft uandike ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48, kwani Windows 11 mpya hufunga diski nyingi kwa siri tangu siku ya kwanza na bila ufunguo huo hata fundi hodari hana la kukusaidia.

Mwisho, mwambie fundi akuonyeshe kipimo kwenye skrini kabla hajakutajia bei. Akikataa, funga begi utafute mwingine.