GPS inaonyesha gari, lakini nani alimaliza mazutu?

Wenye malori wengi wanafunga GPS ndani ya gari. Kifaa hiki kinatumia satelaiti kujua mahali gari liko, kisha kinatuma habari kwa rezo ya simu. Mahali hakuna rezo, vifaa vingi vinaweka habari na kuzituma baadaye. Ndiyo maana kati ya Kasindi na Butembo gari linaweza kupotea kwenye ramani, kumbe linatembea tu.

Lakini GPS haipimi mazutu. Tanki inahitaji kipimo chake, na programu ndiyo inaunganisha yote: mahali, mwendo, moteri na mazutu. Moteri ikiwa imezimwa na mazutu inashuka ghafla, mwenye gari ana sababu ya kuuliza. Moteri ikiwaka masaa mbili kwenye foleni ya mpaka, mazutu iliungua kweli, dereva hakuiba.

Tena, kwenye mlima mazutu inahama ndani ya tanki, na kipimo kinaweza kudanganya. Basi, kabla ya kukata mshahara, mwenye gari aangalie yote pamoja, halafu amusikilize dereva. Programu haioni matope wala bariera.