Bunduki ya Rangi Kulingana na Uchezaji Wako
Juni 27, 1981, wanaume 12 waliingia msituni Henniker, jimbo la New Hampshire, Marekani, wakiwa na bastola za Nelspot 007, ambazo wenye misitu na mifugo walizitumia kutia alama miti na ng'ombe. Huo ndio mwanzo wa pentiboli, mchezo wa kulengana kwa risasi za rangi. Mshindi, Ritchie White, aliyekuwa mtu wa misitu, alikusanya bendera alizotakiwa kukusanya bila kufyatua hata risasi moja.

Leo mwenye pesa za wastani akifika dukani, kwanza huuliza bunduki ipi inafika mbali. Swali hilo halimfikishi popote. Viwanja vingi vimeweka kikomo cha futi 300 kwa sekunde, takriban mita 91, na kila bunduki hupimwa kabla ya mchezo. Ya bei kali na ya bei nafuu hurusha risasi ileile ya inchi 0.68 kwa kasi ileile.

Kinachozitofautisha ni tabia. Tippmann 98 Custom haina betri. Ikiingia matope, hupanguswa na mchezo ukaendelea. Kwa anayetambaa vichakani mara moja moja, inatosha kabisa. Ila bolti yake nzito hupiga teke kila risasi inapotoka, hula hewa, na huweza kupasua risasi laini kabla haijatoka mtutuni.

Emek 100 ya Planet Eclipse, kampuni ya Uingereza, nayo haitaki betri, lakini hutumia presha ndogo: teke dogo, sauti ya chini. Mviziaji ataipenda. Ndugu yake, Etha 2, ina mtambo uleule ndani, ila triga yake ni ya umeme. Kidole kikigusa tu, risasi zinamiminika. Hiyo ni ya uwanja wa vizuizi vya kujazwa upepo, ambako mmoja huwabana wapinzani wasichungulie huku mwenzake akikimbilia mbele. Msituni, uwezo huo humnufaisha zaidi muuza risasi.

Halafu kuna mtungi wa gesi inayosukuma risasi, ambao wengi huukumbuka wakishalipa. Kaboni dioksidi hukaa humo ikiwa kimiminika. Baridi ikizidi, au mtu akifyatua mfululizo, presha hushuka na kasi ya risasi huyumba. Tippmann huivumilia gesi hiyo. Emek na Etha zinataka hewa iliyoshindiliwa, hivyo mnunuzi aulizie kwanza kama uwanja anaochezea una mashine ya kuijaza.