Usiku Tuliokesha na Thabeet

Kila ifikapo Aprili, mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani yanapobakiza timu nne, ubishi mmoja hufufuka katika vijiwe vya hapa kwetu. Hutajwa jina la Hasheem Thabeet, na haupiti muda mrefu kabla ya mtu kusema kwamba kijana yule alishindwa. Neno hilo tumelisikia kwenye daladala, tumelisikia kwenye kahawa, na majuzi tumelisikia likitoka kinywani mwa mtu mzima, tena mbele ya wanawe. Safu hii haina tabia ya kuwatetea wanamichezo kwa sababu tu wamezaliwa hapa. Lakini sisi tulikuwa miongoni mwa waliokesha mwishoni mwa juma lile la tarehe 4 hadi 6 Aprili 2009, na twaona tunao ushahidi wa kutoa.

Kwa wasomaji ambao mapenzi yao yote yako kwenye kandanda, maelezo machache yafaa. Ligi ya kandanda husamehe. Simba ikifungwa leo, ina Jumamosi ijayo ya kujirekebisha. Mashindano ya vyuo hayana msamaha. Mwaka 2009 zilianza timu 65 (tangu 2011 huanza 68), na timu iliyofungwa mchezo mmoja ilifunga virago papo hapo. Hivyo ndivyo ilivyo hata leo. Kwa majuma matatu, na hasa siku za mwisho wa juma, timu hupukutika kama maembe ya Desemba, hadi ibaki moja. Mchezo ni wa dakika 40, vipindi viwili vya dakika 20, na mchezaji akitimiza madhambi matano hana lake tena uwanjani. Juu ya yote hayo, wachezaji ni wanafunzi, na katika miaka ile kila mmoja alikuwa na misimu minne tu ya kuchezea chuo chake. Ndiyo maana shabiki wa vyuo hulia machozi ya kweli. Akimzoea mchezaji, tayari ameanza kumuaga.

Timu nne zilizofika Detroit mwaka ule zilikuwa North Carolina, Villanova, Connecticut na Michigan State. Mji wa Detroit ulijengwa na viwanda vya magari, na majira yale viwanda hivyo vilikuwa hoi. Kabla ya Aprili kwisha, kampuni ya Chrysler ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake, na tarehe 1 Juni General Motors ikafuata njia hiyo hiyo. Watu wa huko walikuwa na haja ya kitu cha kushangilia, na Mungu akawapa Michigan State, chuo kilichoko East Lansing, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari. Mchezo ulichezwa ndani ya Ford Field, uwanja uliojengwa kwa ajili ya kandanda ya Kimarekani, na sakafu ya mbao ikatandikwa katikati juu ya jukwaa. Watu waliozidi 72,000 waliingia. Rangi ya kijani ilitanda hata mtu angedhani ni shamba la mpunga. Kwa Connecticut ilikuwa sawa na mgeni kuchezeshwa Jangwani.

Na ndani ya jezi ya Connecticut, namba 34 mgongoni, alikuwamo mtoto wa Dar es Salaam.

Thabeet alizaliwa Februari 1987. Alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15. Tunaomba msomaji autie akilini umri huo, kwa maana hoja yetu yote imesimama juu yake. Walimu wa kikapu wa hapa waliomshika mkono kwanza tunawapa heshima yao. Hata hivyo alivuka bahari, akamalizia shule ya sekondari huko Houston, Texas, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Urefu wake ulikuwa mita 2.21. Urefu ni majaliwa, lakini kujua pa kusimama ni elimu, na elimu hiyo aliipata mbele ya macho ya watu, msimu baada ya msimu. Katika msimu wake wa tatu, ule wa 2008 na 2009, wastani wake kwa kila mchezo ulikuwa pointi 13.6, mipira 10.8 aliyoidaka ikirudi kutoka kwenye kikapu, na mitupo 4.2 ya wapinzani aliyoizuia. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, alizuia mitupo 10 katika mchezo mmoja. Jumuiya ya vyuo ya Big East, ambayo Connecticut ilikuwa ikishiriki, ilimtangaza mlinzi bora kwa miaka miwili mfululizo.

Hatutaficha kasoro zake. Tarehe 16 Februari mwaka ule, siku aliyotimiza miaka 22, alikutana na DeJuan Blair wa Pittsburgh, kijana aliyepungukiwa naye kimo kwa sentimita 20 hivi lakini mwenye kiuno cha mchukuzi wa bandarini. Blair alifunga pointi 22 na kudaka mipira 23. Thabeet alisukumwa, akabebwa, na safari moja akarushwa juu ya bega kama gunia. Aliyekuwa na macho aliona pale kwamba kijana wetu bado alikuwa na mengi ya kujifunza, hasa namna ya kuikita miguu ardhini. Miaka saba haimtoshi mtu kujifunza kazi ambayo wenzake waliianza wakiwa watoto.

Mchezo wa kwanza wa Detroit ulianza kwetu saa saba usiku, kuamkia Jumapili ya Matawi. Tulikusanyika kwa jirani mmoja mwenye televisheni ya satalaiti. Mvua ya masika ilikuwa inanyesha, na kila iliposhadidi picha ilikatika, ikabaki sauti ya mapigo ya matone juu ya bati, nasi tukikodolea macho kioo kitupu. Tulikuwa watu tisa. Wawili kati yetu walikuwa hawajapata kuuona mchezo wa kikapu tangu mwanzo hadi mwisho, lakini walikuja kwa kuwa walisikia kwamba kuna kijana wa nyumbani.

Mashabiki wengi hudhani kazi ya mlinzi mrefu ni ile inayoonekana, mpira kupigwa kofi hewani na umati kupiga yowe. Kazi kubwa haiandikwi popote. Ni mchezaji wa upande wa pili anayekimbilia kikapu, anakiona kivuli, anageuka na kuutoa mpira nje. Ni mtupo uliopaishwa juu kupita kiasi kwa hofu ya mkono ambao haukunyooshwa. Usiku ule tuliyaona hayo mara nyingi tusizoweza kuhesabu, na wale wageni wawili wa mchezo, ambao hawakuwa na takwimu mikononi, waliyatambua kabla yetu. Mmoja alisema, "Wanamwogopa."

Tom Izzo, kocha wa Michigan State, naye aliyajua hayo, na dawa yake ilikuwa mbio. Mlinzi mrefu huwa ukuta akiwa amekwisha kufika kwenye kikapu chake, lakini akiwa njiani ni mtu kama watu wengine, tena mzito. Michigan State walikimbia waliponyang'anya mpira, wakakimbia Connecticut walipokosa, wakakimbia hata Connecticut walipofunga. Walikuwa na wachezaji wengi wa kupokezana. Connecticut walikuwa wachache, kwani Jerome Dyson, mmoja wa walinzi wao bora, alikuwa ameumia goti tangu Februari. Katika kipindi cha pili pengo likaanza kuonekana. Kalin Lucas alimaliza na pointi 21, Raymar Morgan 18. Upande wa Connecticut, Stanley Robinson alipigana kiume, pointi 15 na mipira 13. Mwishoni walijikongoja na kukaribia, tukasimama sote vitini, lakini hawakufika. Mchezo ulikwisha kwa 82 kwa 73.

Thabeet alifunga pointi 17, zaidi ya mchezaji mwingine yeyote wa timu yake. Alipotoka uwanjani hatukusikia mtu kati yetu akisema ameshindwa. Timu imefungwa, ndivyo tulivyosema, na hayo ni maneno mawili tofauti.

Mchezo wa pili ulianza karibu na saa kumi alfajiri, na North Carolina wakawafunga Villanova 83 kwa 69. Hatuna mengi ya kusema juu yake. Nusu yetu walikuwa wamelala chini kwenye jamvi, na aliyekuwa macho alikuwa akingoja adhana. Tulipotoka kulikuwa kumepambazuka, na watoto walikuwa wakipita na makuti mikononi kwenda kanisani.

Sasa tuingie katika lile linalotuuma. Katika miaka ile kituo kimoja cha televisheni cha Marekani kilikuwa kimefunga mkataba wa dola bilioni 6, kwa miaka 11, ili kuonyesha mashindano hayo. Makocha walilipwa mamilioni. Wachezaji walipewa masomo, chakula na malazi, na kanuni ziliwakataza kupokea ujira wa mchezo wao. Kijana aliyetoka mbali, mwenye ndugu wanaomtegemea, alikuwa na njia mbili: abaki chuoni mwaka wa nne akajifunze kukita miguu, au aende kwenye ligi ya kulipwa akingali na jina. Thabeet alichagua ya pili. Tarehe 25 Juni 2009 huko New York aliitwa wa pili kati ya vijana wote waliochaguliwa mwaka ule, akaenda Memphis, na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Ni nani kati yetu, akiwa na miaka 22, angeikataa fedha hiyo?

Memphis walikuwa tayari na Marc Gasol katika nafasi yake. Mwanafunzi ambaye somo lake halijakwisha akawekwa benchi, na mwezi Februari 2010 akapelekwa kwa muda kwenye ligi ya chini. Alipita Houston, Portland na Oklahoma City, na mwaka 2014 safari yake ya NBA ikafika mwisho. Hapo ndipo liliposhonwa lile vazi la "alishindwa". Wamarekani walimpima kwa nafasi waliyompa wao wenyewe, na hiyo ni haki yao, kwani fedha ilikuwa yao. Sisi hatukutoa senti. Kanuni zile nazo zimebomoka. Tangu Julai 2021 mwanafunzi anaruhusiwa kupata fedha kwa jina lake, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji. Thabeet wa leo angeweza kubaki chuoni mwaka wa nne na mfuko wake ukiwa umejaa.

Lakini swali lililo kubwa zaidi halikai Marekani. Kwa nini kijana mwenye kimo kile, aliyekua katika jiji kubwa kuliko yote nchini, afikishe miaka 15 bila ya kuufundishwa mchezo huu? Tunafahamu kwamba zipo klabu, na wapo watu wanaojitolea jioni baada ya kazi bila ya kushukuriwa. Hao hawatoshi. Shule nyingi hazina hata mlingoti mmoja wenye kikapu, na penye mlingoti aghalabu hapana mpira. Tunamwachia mtoto miaka kumi ya kwanza ipite hivi hivi, tunangoja wageni waanze kumfundisha, kisha tunakaa kwenye kahawa kumhukumu kwamba hakuikomboa yote.

Fainali ilichezwa alfajiri ya Jumanne kwa saa zetu, na kwa bahati njema ilikuwa Sikukuu ya Karume, hivyo hatukuwa na kazi ya kuiwahi. Kabla ya mpira kurushwa waliletwa uwanjani Magic Johnson na Larry Bird, waliopambana katika fainali kama ile miaka 30 nyuma, mwaka 1979. Hilo lilikuwa tamu kuliko mchezo wenyewe. North Carolina walikuwa na pointi 55 wakati wa mapumziko, Michigan State 34, na mwisho 89 kwa 72. Ty Lawson aliwanyang'anya wenyeji mipira minane kama anayechuma mapera. Timu iliyotushinda kwa mbio ilipata wenye mbio zaidi. Usiku uliofuata wanawake wa Connecticut waliwafunga Louisville 76 kwa 54 na kutwaa ubingwa wao bila kufungwa hata mchezo mmoja kati ya 39, jambo ambalo kwa maoni yetu lilistahili kelele kubwa zaidi kuliko lilizopata.

Yule mtu mzima tuliyemtaja mwanzoni tulimuuliza kama aliuona mchezo wa Detroit. Alisema hakuuona. Mwanawe mkubwa ndiye aliyeuliza Thabeet alianza kucheza akiwa na umri gani, nasi tukamwambia miaka 15. Yeye ana 13. Akataka kujua uwanja wa kikapu ulio karibu. Tulimtajia wa Don Bosco, Upanga, ambao kutoka kwao ni lazima apande mabasi mawili.